Krismasi ya Ng'ombe wa Minza

Bi Tatu amefariki mwaka huu. Nimerudi kutoka Nyakanazi kwenye arobaini yake nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu ile sebule ya mgahawa wake wameigeuza duka la chaja na vioo vya simu. Palepale penye rafu ya chaja ndipo ilipokuwa meza yangu. Niliwaambia vijana wa dukani kwamba wamesimama mahali alipoanzia kazi mwandishi anayejulikana toka Ngara mpaka Bukoba. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza nataka chaja ya aina gani. Nilinunua moja, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la stendi kungoja gari la Ngara, na hapo ndipo mwaka ule ulipoanza kunirudia. Habari za wazazi wangu na utoto wangu kule Ntobeye siziandiki hapa. Hizo nawaachia watakaonisifu msibani kwangu. Mwaka nitakaousimulia ni ule mmoja tu, niliporudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya uandishi wa habari ndani ya bahasha ngumu, nikiwa nimeshazoea kuambiwa na wahariri, "Tutakupigia." Wenzangu waliorudi hivyo walikwenda kujificha kwao. Mimi, Adventina, sikujificha. Nilishuka njia panda ya Nyakanazi, mahali inapokutana barabara ya Rwanda na Burundi na ile ya Kigoma na ya Mwanza, nikakodi chumba. Nilijiambia kwamba kila mwenye shida ya maneno katika mkoa huu lazima siku moja apite hapo, na sikukosea. Kama yupo aliyewahi kuishi kwa uandishi wa kujitegemea pale Nyakanazi kabla yangu, ajitokeze. Mpaka leo hajajitokeza.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya mgahawa, kimeegemeana ukuta na jiko la Bi Tatu. Ukuta ule ulikuwa wa moto kutwa nzima, na nguo zangu zote zilinuka vitunguu vya kukaanga, hata zile za kanisani. Kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia gauni, na kompyuta ndogo ya mtumba niliyokuwa naichaji kituo cha mafuta kwa sababu umeme wa pale ulikuwa wa jenereta. Bi Tatu alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, ambaye babu yake alikuja Biharamulo na biashara kutoka pwani na hakurudi tena. Alipika pilau Ijumaa, na siku nyingine alipika chochote kilichoshuka kwenye magari: sato wa ziwani, ndizi za kupika, nazi alizoletewa na madereva. Alinipa meza ya dirishani kwa sharti moja tu, kwamba niwe nimekaa hapo kila asubuhi kabla mabasi hayajaingia. "Mgahawa wenye mtu anaandika unaonekana wa maana," alisema. "Watu watadhani ni wewe unahesabu faida yangu." Basi nilikaa. Chai ya tangawizi ilikuja bila kuagizwa, chapati ilikuja kwa kuagizwa, na kazi ilikuja kwa miguu yake.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja, mvua zinapokuwa zimeshika na watu wanaanza kuwaza sikukuu, sikuwa na nafasi ya kujikuna. Niliandika risala za mahafali ya chekechea, maana hata watoto wa miaka sita siku hizo walikuwa wanahitimu kwa risala. Niliandika maneno ya kadi za kipaimara. Kikundi cha akina mama wa Kibimba nilikiandikia andiko la mradi wa mizinga ya nyuki, kurasa nyingi zenye malengo mahususi, na nawaambieni lilikuwa andiko zuri, lilipita. Kanisa moja la hapo lilinipa igizo la Krismasi, na tatizo la igizo lile lilikuwa Herode. Aliyepewa nafasi hiyo alikuwa fundi baiskeli wa stendi, akaja na mikono yenye grisi, akaweka karatasi zangu mezani.

"Mwandishi, huyu Herode ni mfalme au si mfalme?"

"Ni mfalme."

"Mbona anasema maneno machache kuliko mchunga kondoo?"

"Ndivyo ilivyo kwenye Biblia, kaka."

"Biblia haikuwa na mgeni rasmi," alisema. "Mke wangu amealika watu. Niongezee hata hotuba fupi."

Nikamwongezea. Mpaka leo naamini ndiye Herode pekee aliyewahi kuzungumzia ubovu wa barabara. Na walikuwepo madereva wa malori, ambao wangekuwa njiani siku ya Krismasi na kila mmoja alitaka ujumbe wa simu wa kumtuliza mke. Namkumbuka mmoja, Josefu, aliyepeleka saruji Kigali. Alitaka, kwa maneno yake, ujumbe wa mtu aliyesoma. Nikamuuliza mke wake anaitwa nani, akasema Mama Rehema. Nikamwambia nataka jina lake mwenyewe. Akatafuna chapati akifikiri. "Weka hilohilo la Mama Rehema," akasema. "Nikimwita Stella atadhani simu yangu imeibiwa." Bi Tatu akacheka kutoka jikoni mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Nilimwandikia ujumbe wenye Stella ndani yake, bila kumsikiliza, na safari iliyofuata aliniletea kitenge kutoka kwa Stella mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sikwenda shule bure. Magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa bado hayajapiga simu, nami nilikuwa nimeshaacha kuangalia simu.

Katika mvua zilezile ndipo alipoingia Mzee Ng'wandu. Alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, akakaa upande wa barabara ya Biharamulo ambako misitu ilikuwa bado minene. Alivaa koti zito na kofia ya pama, na nyuma yake alifuata binti yake Minza akisukuma baiskeli. Minza alikuwa wa rika langu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo chini ya kiwiko, kama tawi lililovunjika likaendelea kukua. Mzee aliagiza chai ya maziwa, akaionja, akasema maziwa haya yameona maji, kisha akaniambia kilichomleta. Alikuwa anazeeka. Krismasi hii watoto wake wote wangekuja, wa Kahama na wa Geita na wa Mwanza. Alitaka maisha yake yaandikwe, na siku hiyo yasomwe mbele yao, asubuhi baada ya ibada, kabla ya kula. "Wakishakula hawasikii," alisema. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nilimwambia wazi kwamba amefika kwa mtu anayestahili. Nikafungua kompyuta. Nikamuuliza alizaliwa wapi, alioa lini, alifika huku mwaka gani, na alijibu vizuri. Kisha, kama nilivyofundishwa chuoni kwamba habari bila tarakimu haina miguu, nikamuuliza: "Na baba, una ng'ombe wangapi?"

Aliweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akasimama, akatoka kwenye mvua. Chai ilikuwa haijafika hata nusu. Bi Tatu alikuja akiwa amejishika kiuno. "Mwanangu, umemuuliza nini yule mtu?" Nilipomwambia alikaa kwenye kiti cha mzee. "Msukuma hahesabiwi ng'ombe mdomoni. Unataka wafe? Kwake ni sawa na kumwambia apange watoto wake uani, umpigie hesabu nani atabaki." Kwetu Ntobeye tulikuwa na kahawa, migomba na mbuzi waliofungwa kamba, na hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuulizwa idadi ya migomba. Lakini Minza alikuwa bado amesimama mlangoni na baiskeli yake, maji yakimtiririka. Hakuonekana kama mtu aliyeudhika.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, "njoo nyumbani jioni, ng'ombe wanaporudi. Usiulize wangapi. Uliza mmojammoja."

"Atanikubalia?"

"Ukimuuliza mmojammoja hataweza kunyamaza." Akatazama baba yake alikofikia barabarani, kisha akasema haraka, bila kushusha sauti: "Wakwe zangu wanakuja Krismasi hiyohiyo. Wanataka waondoke na mimi au waondoke na ng'ombe wao wa mahari. Mimi kule sirudi. Baba bado hajasema neno. Nataka ukiandika, na mimi niwemo."

Bi Tatu aliniambia yaliyobaki tulipokuwa tunachambua mchele, na wala haikuwa siri, stendi nzima ilijua. Mume wa Minza ndiye aliyeuvunja ule mkono, na Minza alirudi kwa baba yake akiwa ameufunga kwa khanga. Hakuwa amepata mtoto kule. Kwa desturi yao, mwanamke akirudi moja kwa moja, mahari nayo inarudi. Ila ng'ombe wale walikuwa wamekwisha kufanya kazi: wengine walikwenda kuwaolea kaka zake, wengine walizaa, na waliozaliwa nao walizaa. Kuwarudisha maana yake kuliingilia zizi la kila mtoto wa kiume. "Kwa hiyo kaka zake wanamwona anakula tu mchicha wao," Bi Tatu alisema. "Na mzee anawaogopa wanawe kuliko anavyomwogopa simba."

Nilikwenda jioni ile, na jioni nyingi baada ya hapo, kwa baiskeli niliyoazima kwa Herode. Mzee alinikuta nimesimama kwenye lango la zizi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba bila kunitazama. Ng'ombe walikuwa wanaingia, wamelowa, wakinuka moshi na majani. Nikanyoosha kidole. "Huyu mwekundu mwenye paji jeupe, ametoka wapi?" Akagonga nguzo ya lango kwa fimbo, nikadhani nimeharibu tena. Kisha akaanza, na nilipata shida ya kumfuata kwa kasi. Mama wa huyu alitoka Shinyanga mwaka wa ukame akiwa na mimba, akatembea mpaka huku, akazaa njiani, na ndama akabebwa mabegani na mzee mwenyewe. Yule wa kijivu alitolewa faini na jirani aliyechoma nyasi. Yule wa pembe moja alimuua fisi. Sikuuliza mwaka hata mmoja tena. Miaka yenyewe ilikuja imepanda juu ya ng'ombe. Mke wa mzee, mama mdogo wa mwili asiyekaa chini, alituletea maziwa ya mgando na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo ukivitafuna peke yake unafikiri ni gome na ukivitia kwenye maziwa unaomba tena. Huo ndio uandishi nilioujifunza mwaka ule, na hakuna chuo kilichonifundisha. Leo wanapoitwa vijana wa Ngara kufundishwa namna ya kuandika maisha ya watu, mwalimu ninaitwa mimi, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo la kuuliza mmojammoja.

Ila nilianza kuona kitu. Nikiuliza ng'ombe wa upande wa kulia wa zizi, wale weupe na weupe wenye madoa meusi, hadithi zilikuwa fupi. "Hawa walikuja tu," mzee alisema. "Walikuja wakati wa heri." Walikuwa wengi, wanono, na ndio waliokamuliwa zaidi. Jioni moja nilikuwa jikoni na Minza, akinionyesha jinsi ya kutikisa kibuyu cha maziwa kwa mkono mmoja na goti, na kaka yake mkubwa, Masunga, alikuwa nje na mwenzake ambaye sikumwona. Ukuta wa miti ulipitisha kila neno. "Wale weupe walishaoa," Masunga alisema. "Mimi mke wangu nimemwoa kwa wale weupe. Sasa nimrudishe mke wangu kwao ili dada akae hapa anatikisa vibuyu? Mzee akisema hivyo mimi nahamia Kahama." Mwenzake akasema, "Ukihama utamwachia nani zizi?" Minza aliendelea kutikisa kibuyu, mdundo uleule. "Unamsikia," aliniambia. "Ni mtu mzuri. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo."

Niliandika. Siku kumi na kitu kabla ya Krismasi nilifunga kazi nyingine zote, nikala nikiandika na nikaandika nikila, na Bi Tatu alinikemea kwa kutia pilau kwenye vitufe. Nilipomaliza nilimsomea yeye kwanza, asubuhi, mabasi hayajaingia. Alisikiliza mpaka mahali nilipoandika kwamba ng'ombe weupe walifika kwa mzee siku Minza alipoolewa, na kwamba baada ya hapo nyumba ile haikulala njaa tena. "Ondoa hapo," alisema. "Mtu amekuajiri umsifu, wewe unampelekea ugomvi kwenye sikukuu yake." Nikamwambia sikuandika ugomvi, nimeandika ng'ombe walikotoka, kama nilivyoandika yule wa fisi na yule wa faini. Kuwaruka weupe peke yao ndio ungekuwa uongo. Alinitazama sana. "Basi msomee mwenyewe kabla ya watu. Asije akayasikia nyumbani kwake kama mgeni." Lilikuwa shauri jema na nililifuata.

Nilimsomea mkesha wa Krismasi, mchana, chini ya paa la ghala lake, mvua ikipiga mabati. Alikuwa amefumba macho. Kwenye ndama aliyebebwa mabegani alitabasamu. Kwenye weupe alifumbua macho, akatazama zizini kwa muda ambao sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa tayari kwa mambo mawili: anifukuze, au aniambie nifute. Sikuwa tayari kufuta. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba akitaka kufuta atatafuta mwandishi mwingine, na mwingine hakuwepo mpaka Bukoba.

"Soma tena hapo," alisema.

Nikasoma tena.

"Umeandika jina lake."

"Ndiyo, baba."

"Liache kama lilivyo."

Siku ya Krismasi palifungwa turubai la bluu uani. Watoto walikuja na wake zao na wajukuu wenye viatu vipya vilivyokwama kwenye tope. Bi Tatu naye alikuja, na sufuria la pilau juu ya pikipiki, kwa sababu alisema hawezi kukosa kusikia kitu kilichoandikwa kwenye meza yake. Wakwe walifika kabla sijaanza, wanaume wachache, wakiongozwa na baba mkwe, mzee mrefu aliyeshika tita la vijiti vyembamba. Minza hakuonekana. Alikuwa jikoni, kichwa kimefunikwa, kwa sababu mke wa mtu hali wala hakai mbele ya baba mkwe wake. Nilisimama, nikasoma kwa sauti niliyofundishwa ya redioni. Walicheka kwenye fisi. Kwenye ukame wanawake waliguna. Nilipofika kwa weupe nilisoma polepole: walifika siku Minza alipoolewa, wakazaa, wakamwolea Masunga mke, wakamwolea mdogo wake, wakanunua mabati ya ghala, na maziwa yaliyonywewa leo asubuhi yametoka kwao. Sikuongeza sifa yoyote. Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Mzee Ng'wandu alisimama. Hakumtazama baba mkwe, alimtazama mwanawe mkubwa. "Masunga. Mwandishi amesema uongo?"

Masunga alikuwa na mtoto wake magotini. Alimshusha taratibu. "Hapana, baba."

"Basi dada yako ametulisha. Sasa ni zamu yetu. Kila mmoja aliyeoa kwa weupe atatoa weupe. Mimi natoa wa kwanza."

Nilitegemea kelele, na kelele hazikuwepo. Mke wa Masunga, mwanamke ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, ndiye aliyesema, "Twende, Baba Kulwa," na mumewe akainuka akaenda kufungua lango. Ng'ombe walitoka mmojammoja kwenye tope. Kwa kila aliyetoka baba mkwe alitoa kijiti kwenye tita akakilaza chini, na hakuna mtu aliyetaja idadi, si wao wala sisi. Mdogo wake Masunga alimshika mmoja shingoni muda mrefu kabla ya kumwachia. Vijiti vilipokwisha mikononi mwake, mzee mrefu alisema tu, "Wametosha." Wapo wanaodai kwamba Mzee Ng'wandu alikuwa ameshaamua tangu siku aliyoingia kwa Bi Tatu, na kwamba alitaka tu mtu wa kuyasema kwa niaba yake. Wanasema wanavyotaka. Mimi niliona uso wa Masunga nilipokuwa nasoma, na najua maneno yangu yalifanya nini.

Chakula kilipakuliwa. Wakwe walikaribishwa kwenye kivuli cha turubai kama wageni wengine, wakapewa nyama na ugali, na vijana wao wakawa nje wanawazuia weupe wasirudi zizini. Minza alitoka jikoni. Alikuwa amefungua kilemba, nywele zake zimesukwa upya, na sahani yake imejaa. Wanawake wakaacha kuongea. Alivuka ua wote mpaka kwenye benchi lililotazamana na yule mzee mrefu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee yule akautazama ule mkono uliopinda, kisha akatazama ardhini. "Marahaba, mwanangu."

Minza akakaa mbele yake, akaweka sahani magotini, akamega tonge, akala.